Mshale Uliotulia

Shehe Mwero alikuwa fundi wa mashine za boti pale Msambweni, na katika miaka kumi na minne ya kushika spana alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: mashine haijiendeshi. Ikinguruma, kuna aliyeivuta kamba. Ikizima, kuna aliyeizima. Ukiona chombo kinafanya kazi na hukuuona mkono, basi mkono upo, ila umefichwa.

Kwa hiyo Jumatano ile, aliporudi nyumbani kwake Munje na kumkuta mkewe ameketi mbele ya laptop, alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Kiganja cha Asiya kilikuwa kimelala juu ya kipanya, vidole vimenyooka, hakuna hata kimoja kilichoinuka wala kushuka. Na kompyuta ilikuwa inajifungulia kurasa. Tap, ukurasa. Tap, mwingine.

Pembeni yake, kikombe cha chai mkononi, alikaa Tofiki.

Tofiki alikuwa mtoto wa mama mdogo wake Asiya, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Ukunda. Alikuwa pia, na hili Shehe hakulisahau hata siku moja, mtu aliyewahi kumposa Asiya kabla yake, akakataliwa.

"Shemeji!" Tofiki aliita. "Njoo uone maajabu. Dada haumii tena."

Kweli Asiya alikuwa anaumia. Alifundisha darasa la nne, na baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole vya mkono wa kulia mpaka vikawa kama tangawizi. Kusukuma kipanya aliweza, kwa kiganja. Kukibofya ndiko kulikomtoa machozi.

"Hiyo inajifungua vipi?" Shehe aliuliza.

"Inajiklik, shemeji. Ni setting tu. Hii mshale wewe unaipeleka, halafu uki..."

"Inajibofya yenyewe?"

"Yenyewe kabisa! Sasa sikiza, uki..."

"Mashine haijiendeshi, Tofiki."

"Mume wangu, ngoja akueleze," Asiya alisema. "Ni jambo jepesi, hata..."

"Sikuuliza nielezwe. Mimi mashine nazijua tangu kabla huyu hajajua kufunga kamba za viatu." Akaenda uani kuoga, na maji aliyojimwagia siku hiyo yalisikika mpaka kwa jirani. Maelezo yaliendelea sebuleni bila yeye.

Jioni Asiya alijaribu tena. Shehe alimwambia amechoka. Akamwambia pia kwamba ameona kompyuta sasa haiulizi nywila.

"Tofiki ameiondoa. Kuiandika kila saa kunaniuma."

"Aha," alisema Shehe. Ilikuwa aha ya mtu aliyekuta mlango umeachwa wazi na anajua ni nani aliyeuacha.

Usiku mzima jambo lilimzunguka kichwani. Mkono upo. Kama si wa Asiya, ni wa nani? Alishawahi kusikia vijana wa hotelini Diani wakisema kwamba mtu anaweza kukaa Ukunda akaiendesha kompyuta iliyo Lungalunga. Basi. Tofiki amejitengenezea dirisha ndani ya nyumba yake, anachungulia atakavyo, anafungua atakacho.

Alhamisi lilimjia la pili. Alikuwa anapita nyuma ya jiko akamsikia Asiya kwenye simu: "Habari ya Malindi usimwambie Shehe kwanza, Tofiki. Nitamwambia mwenyewe nikishamaliza."

Malindi! Kumaliza nini?

Shehe hakuuliza. Kiburi kilimziba mdomo, nacho kiburi kikiziba mdomo hufumbua macho mahali pabaya. Ijumaa asubuhi Asiya alipokwenda shule, Shehe hakwenda kazini. Alifunga mlango wa mbele, akafunga na wa uani, akapangusa mikono kwenye msuli wake, akaketi mbele ya laptop ya mkewe.

Ilifunguka bila kuuliza neno. Akakishika kipanya kama anavyoshika bisibisi, na sanduku la barua lilikuwa mbele yake. Akaupeleka mshale kwenye jina moja, Malindi, akatulia alisome vizuri. Kiduara chembamba kikauzunguka mshale kama jicho linalofumbuka. Tap! Barua ikafunguka. Hakuwa amebofya kitu.

Shehe aliruka na kiti.

"Tofiki!" alinong'ona kwa ukali, uso umekikaribia kioo. "Nakujua ni wewe. Tazama basi, tazama mpaka ushibe!"

Akarudi, akaanza kusoma. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Shehe kilikuwa cha vitabu vya mashine: anajua bomba, anajua plagi, mengine anayabahatisha. Alisoma kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani kwa maalim wake akiwa na miaka sita, msahafu mapajani na kijiti mkononi, herufi kwa herufi, hakuna kuruka mstari, na penye neno gumu kijiti kinasimama hapo mpaka ulitamke. Sasa mshale ndio uliokuwa kijiti. Aliusogeza neno kwa neno. Penye gumu aliusimamisha. Kiduara kikaja, tap, kikaondoka. Kikaja tena. Kila kikija, Shehe alimtukana Tofiki kimoyomoyo na kuendelea.

Alipofika chini alikuwa ameelewa ya kutosha. Taasisi moja ya Malindi ilimtaka Asiya kwa mwaka mmoja akatayarishe masomo ya watoto wenye ulemavu. Jibu lilitakiwa kabla ya Jumamosi. Chini kabisa kulikuwa na vibao viwili, kimoja cha kijani cha kukubali, kimoja chekundu cha kukataa.

Akausimamisha mshale juu ya kile cha kijani. Mwaka mzima! Je, mwanamke huyu amekwisha kubali? Alikaa hapo akifikiri, mkono umekufa ganzi, macho hayapepesi.

Tap.

Ukurasa ukageuka. *Asante, Bi Asiya. Tumepokea jibu lako la kukubali.*

Shehe alikisukuma kipanya mbali. Mbele ya macho yake! Yule kijana amemkubalia mke wa mtu safari, na mwenye mke ameketi pale pale kama gogo! Aliifunga laptop kwa kishindo, na baada ya swala ya Ijumaa alikuwa juu ya bodaboda kuelekea Kinondo, kwa mkwewe.

Bi Hafswa, mama yake Asiya, alikuwa kibarazani anasuka ukili. Alimsikiliza mkwe wake kuanzia shikamoo mpaka pumzi ya mwisho bila kuinua macho. Kisha akapiga simu mbili. Alasiri ilipotimu, Asiya alikuwa amefika kutoka shule, amepitia nyumbani kuichukua laptop kama mama yake alivyomwagiza, na Tofiki kutoka Ukunda, jasho linamtoka.

"Sema tena, baba," Bi Hafswa alimwambia Shehe. "Sema mbele yao."

Shehe alisema. Alisema mke wake anahama kwa siri. Alisema Tofiki ameiingia nyumba yake kwa waya. Alisema jibu la kukubali limekwisha kwenda Malindi, na kama Asiya ana haya, asikane.

"Sijajibu," Asiya alisema. "Si ndiyo wala si hapana."

"Usinifanye mjinga, Asiya!"

"Sijajibu, Shehe. Wallahi."

"Basi amejibu huyu!" Kidole cha Shehe kilikuwa kimemwelekea Tofiki puani.

"Mimi? Shemeji, mimi asubuhi yote nilikuwa nafungua simu iliyoanguka chooni. Uliza mwenye simu. Uliza hata harufu!"

"Tofiki, nyamaza," alisema Bi Hafswa. Aliuweka ukili chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama mkwe wake machoni. "Mwanangu Shehe. Asiya hajui kama jibu limekwenda. Tofiki hajui. Mimi ndiyo kwanza nalisikia kinywani mwako. Sasa wewe, uliyekuwa kazini Msambweni, ulijuaje?"

Palikuwa na kuku anaparura mchanga, na kuku huyo alisikika vizuri sana.

"Nili..." alisema Shehe.

"Eee?"

"Niliiona."

"Uliionea wapi?"

Hakukuwa na mlango wa uani wa kutokea. Shehe alisema: kwamba hakwenda kazini, kwamba aliufunga mlango, kwamba alisoma. Kila neno lilitoka zito kama injini inayopandishwa pwani bila gurudumu. Asiya aliitoa laptop na kipanya chake mkobani, akaiweka juu ya mkeka mbele ya mumewe, akaifungua.

"Soma," alisema. "Vile vile ulivyosoma."

"Asiya, mbele ya mama..."

"Soma, Shehe."

Akakishika kipanya. Akausogeza mshale neno kwa neno, na kwenye jina la folda moja akausimamisha. Kiduara kikaja. Tap. Folda ikafunguka, picha za darasa la nne zikajaa kioo.

Tofiki alikuwa ameushika mdomo kwa mikono miwili. "Shemeji," alisema kwa sauti iliyobanwa, "hiyo ndiyo nilikuwa nataka kukwambia Jumatano. Ukiitulizia mshale mahali, sekunde moja na nusu, inahesabu umebofya. Hakuna mtu Ukunda. Ni wewe ulitulia!"

"Subhanallah," alisema Bi Hafswa. "Kumbe aliyemruhusu mke ni mume mwenyewe." Mabega yake yalitikisika, lakini alipoutazama uso wa bintiye, kicheko kilimkatika.

Asiya hakuwa anacheka.

"Nilikuwa nakataa," alisema. "Jibu la kukataa nilikwisha kuliandika tangu Jumatano, na sababu zake, kwa adabu. Nilitaka nilitume leo jioni, kisha nikwambie kwamba niliitwa na sikwenda, usije ukadhani nakutishia. Hiyo ndiyo siri yangu na Tofiki. Nyumba yangu niliiona bora kuliko Malindi."

"Basi tuwaandikie!" Shehe aliruka. "Tuwaambie ni makosa, ni mimi, ni hii setting. Tofiki, si inafutika?"

"Inafutika, shemeji. Barua moja tu."

"Haifutwi," alisema Asiya. "Nilikuwa nakataa kwa ajili ya mtu anayeniamini. Mtu huyo leo sikumkuta. Ulifunga milango miwili ukanipekua, Shehe, kisha ukaja kwa mama yangu kunifanya mwongo. Ungeniuliza tu! Ungeniuliza, ningekujibu."

Shehe alitazama mikono yake, mafuta ya mashine yameganda kuchani. Alitaka wamwelewe hivyo hivyo. Alitaka mtu amsaidie, aseme kwa niaba yake, ayachukue yale macho yake yaliyoinama kuwa ndiyo maneno, jambo liishe. Lakini hapa hakuna aliyehesabu kutulia kwake kuwa jibu. Bi Hafswa alikaa. Tofiki alikaa, kwa mara ya kwanza bila neno. Asiya alikaa. Walimngoja, na wangengoja mpaka magharibi.

"Nisamehe, Asiya," alisema mwisho, kwa sauti ya kusikika. "Na wewe, Tofiki, nisamehe. Nilikudhania ubaya. Asiya, nenda Malindi."

Asiya aliifunga laptop kwa kiganja, polepole, akaipakata.

"Malindi nakwenda," alisema. "Hilo la kwanza uliloomba, nitalifikiria."