Swala ya Otmar

Waya ulikuwa wa breki ya baiskeli, na fundo lake lilizunguka kushoto. Otmar alipiga magoti kwenye majani, akalitazama fundo lile mara mbili, akasikia machozi yanamlenga. Katika kikundi chao cha wafuga nyuki walikuwa watu kumi na wanane, na mwenye kufunga kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu: Benedict. Benedict ambaye walipewa kipaimara pamoja siku moja kwenye kanisa la misheni pale Ushirombo, baba wa ubatizo wa Vaileth, binti wa Otmar, na mtu pekee duniani aliyeruhusiwa kumwambia Otmar kwamba akiimba kwaya, mbuzi wanakata kamba.

Ndani ya waya alikuwa swala. Jike. Alikuwa ameshakufa, na chuchu zake zilijaa maziwa.

Usiyeijua Bukombe unaweza kusema: swala mmoja tu, na pori lote lile, kuna nini? Kuna hili. Pori lile ni la hifadhi. Kikundi kilipewa kibali cha kuingia kulina asali kwa sharti moja, na wote walitia saini, wasiojua kuandika wakabonyeza dole gumba: aliyeingia kwa ajili ya nyuki atoke na asali, basi. Mmoja akiwinda, kibali kinakufa, na wote kumi na wanane wanarudi nyumbani kutazamana. Na hata serikali ingekuwa imelala, ipo sheria nyingine ambayo babu yake Otmar, mwindaji wa upinde, alimfundisha kabla hajajua kusoma. Mwenye mimba haguswi, anayenyonyesha haguswi. Mwindaji humtazama mnyama kwanza, ndipo aamue. Waya hauna macho.

Alimfunika swala yule kwa matawi, akamfuata rafiki yake. Alimkuta chini ya mninga, anapuliza moshi kwenye mzinga huku anaimba.

"Baba Luka, nimeuona waya wako."

Benedict hakukana. Kukana hakukujua kabisa, na hiyo ndiyo tabu ya kumpenda mtu wa namna ile. "Umekamata?" aliuliza, uso umemchangamka. "Amenona?"

"Ana maziwa."

Uchangamfu ukapungua kidogo. "Sikujua."

"Na waya nao haukujua."

"Otmar, Jumapili nabatiza mjukuu. Mjukuu wa kwanza! Watu watoke Mbogwe, watoke Runzewe, waje kwangu kula michembe, viazi vya kukausha?"

"Michembe ina ubaya gani? Imekukuza mpaka hapo ulipo." Otmar akashusha pumzi. "Leo ni Jumanne. Nenda kwa bwana nyama wa hifadhi ukaseme mwenyewe. Ikifika Ijumaa hujakwenda, nitakwenda mimi."

"Utanishtaki? Mimi?"

"Nitakwenda."

Benedict alicheka mpaka akakohoa moshi. "Wewe! Wewe uliyeshindwa kumwambia padri kwamba kanzu yake imegeuka ndani nje, akasoma misa nzima hivyo hivyo! Nenda basi, tuone."

Siku tatu zile Otmar aliishi kama mtu aliyemeza jiwe. Alihesabu upande huu: miaka arobaini na mitano ya urafiki. Akahesabu upande ule: kikundi, kibali, na ndama wa swala aliyebaki anazunguka porini anatafuta mama. Kila akihesabu alipata jibu lile lile, na kila akilipata alilichukia. Mkewe, Anisia, alimuuliza kulikoni.

"Kuna swala," alijibu.

"Swala gani?"

"Swala tu."

Hapa lazima niseme neno kuhusu Kiswahili chetu. Wasomi wanatuambia jambo linaitwa suala, na tunawasikia, lakini midomoni linatoka swala, sawasawa na mnyama. Halafu tena hatusumbuki na la wala wa. Sisi tunasema ya, ng'ombe ya, mtoto ya, swala ya, na maisha yanasonga mbele. Otmar alikuwa fundi wa ya kuliko wote.

Ijumaa asubuhi alivaa koti lake la kanisani, koti pana lililomfika magotini, akaenda mjini ofisini kwa bwana nyama. Bwana nyama mwenyewe aliitwa Maganga, kijana mwenye adabu aliyehamia miezi miwili tu iliyopita, ambaye kutwa kucha alishughulika na wanyama na hakuota kitu kingine. Nyuma ya Otmar, kwa mbali, alikuja Benedict na baiskeli. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi rafiki yake atakavyoshindwa mlangoni na kurudi. Otmar alipoingia kweli, Benedict aliegesha baiskeli, akakaa kwenye benchi barazani, chini ya dirisha lililo wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana nyama. Mimi nina swala."

Maganga akaacha kuandika. "Una swala?"

"Ninayo. Tangu Jumanne."

"Iko wapi?"

Otmar akajigusa kifuani, juu ya koti. "Ninayo hapa hapa. Nimekuja nayo."

Maganga alilitazama koti lile lilivyo pana. Sauti yake ikabadilika. "Nani mwingine anajua?"

"Hata mke wangu nimemficha. Akiniuliza nazunguka zunguka tu. Lakini nimeona bora niilete kwako yote, nisibakize."

"Yote? Hamjaila?"

"Nitailaje, kijana wangu?" Otmar akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Yenyewe ndiyo inanila mimi."

Maganga akasimama. "Mzee wangu, nakuheshimu, umri wako ni wa baba yangu. Lakini naomba mkono."

Otmar aliguswa. Alidhani anapewa mkono wa pole, na kama adabu ya kwetu inavyotaka akatoa yote miwili, akainama kidogo. Pingu zikalia ka.

"Uko chini ya ulinzi," Maganga akasema, "kwa kupatikana na swala bila kibali."

Otmar alifungua mdomo aulize. Kabla hajauliza, mlango ulipigwa ukagonga ukuta, na Benedict akaingia na machozi hadi kidevuni.

"Mwache! Mwache mzee wa watu! Swala ni wangu! Waya ni wangu, fundo ni langu, la kushoto, nipe kamba nikuonyeshe! Huyu hajawahi kunasa hata panya! Anajitwisha dhambi yangu ili mimi nikabatize mjukuu!" Akamgeukia Otmar. "Kwa nini, ndugu yangu? Kwa nini unifanyie hivyo?" Na hapo hapo, bila kuulizwa, akataja mitego mingine mitano, mti kwa mti, na kijito kwa kijito.

Maganga alimtazama huyu, akamtazama yule, akalitazama koti.

"Kwa hiyo," akauliza polepole, "swala wako wangapi?"

Ilichukua nusu saa kulifumua. Otmar alivuliwa koti, likakutwa na rozari na karanga. Alipoeleza kwamba yeye alikuwa na swala ya kusema na siyo swala ya kula, Maganga aliinamisha kichwa mezani, mabega yakamcheza, na mhudumu wa ofisi ikabidi atoke nje akacheke vizuri. Otmar naye alicheka, pingu zikiwa bado mkononi, kwa sababu ufunguo ulikuwa umepotea chini ya mafaili.

Kicheko hakifuti kosa, na Maganga hakulifuta. Jalada lilifunguliwa, mzoga ukaonyeshwa, mitego ikaenda kung'olewa, na Benedict akafika mbele ya hakimu. Alikiri kila kitu, hata asichoulizwa. Hakimu akampa miezi sita ya kutumikia jamii: kila Jumamosi aingie porini na askari kutafuta nyaya za wawindaji na kuziondoa. Kikundi kilibaki na kibali chake, maana habari ilitoka kwa wanakikundi wenyewe. Mjukuu alibatizwa kwa michembe na maharage, na wageni wa Runzewe walikomba sufuria.

Jumamosi ya kwanza Otmar alifuatana na rafiki yake, ingawa hakuna hakimu aliyemtuma. Alifurahi mno kuwa pale. Jua lilikuwa changa, askari wawili walitangulia, na Benedict alikata waya wa tatu kwa koleo, kisha akabaki amechuchumaa.

"Otmar. Siku ile, ungenitaja?"

Ilikuwa asubuhi nzuri, na uongo uliohitajika ulikuwa mdogo sana. Otmar aliufikiria, akauacha.

"Ningekutaja. Jina lako lilikuwa limefika kwenye meno."

"Kumbe!" Benedict aliinuka. "Mimi nilidhani unanibebea! Nililia pale kwenye benchi, nikasema rafiki kama huyu hafungwi mimi nikiwepo. Ningejua umekwenda kunichongea, wallahi ningekaa palepale nikuangalie unavyopandishwa gari!"

"Wewe Mkatoliki, wallahi ya nini?"

"Hasira!"

Walitazamana. Hakuna ajuaye nani alianza, lakini walicheka mpaka wakashikana wasianguke, na wale askari wakarudi mbio kuuliza kama wameumwa na nyuki. Walipopata pumzi, Benedict alijifuta macho kwa kiganja kile cha kushoto.

"Na siku ukiniona tena na waya?"

"Nitakwenda," Otmar akasema.

"Nenda," akajibu Benedict, na safari hii hakucheka. "Ila ukifika, sema una jambo."