Umeme Pamoja

Uhamisho wa Milly, askari magereza, kutoka Jinja kwenda Mbale ulikuja na siku kumi tu za kujiandaa. Nyumba za askari zilikuwa zimejaa, kwa hiyo ilimbidi apange mtaani. Safari hii aliapa kumchukua mama yake, Naigaga, kutoka kijijini Budondo. Mama alikuwa na kisukari, na dawa yake ya sindano ilitaka baridi. Nyumbani kwake hakukuwa na umeme. Dawa ilikaa kwenye friji ya zahanati, naye aliifuata kwa miguu asubuhi na jioni. Mwezi uliopita alianguka njiani.

Dalali aliyeitwa Sam alimpeleka Milly kwenye ghorofa moja mtaa wa Nabuyonga. Vyumba viwili, bafu ndani.

"Laki tatu kwa mwezi, Afande. Umeme pamoja."

Milly alifumba macho palepale ngazini, akamshukuru Mungu. Alilipa miezi mitatu, akampa Sam chake, na zilizobaki akanunulia friji ndogo.

Ijumaa alihamia. Saa sita mchana friji ikanyamaza. Mara hodi: jirani yake Norah, daftari mkononi.

"Karibu, jirani. Umeme umekwisha. Elfu ishirini kila mlango."

"Elfu ishirini ya nini? Mimi niliambiwa umeme pamoja."

"Si ndiyo pamoja yenyewe! Mita moja, milango sita, sote pamoja." Norah alicheka hadi akashika ukuta. "Wee Afande, ulidhani pamoja na kodi? Hata mimi nilidhani hivyo. Nililia siku mbili, nikazoea."

"Na unakwisha kila baada ya siku ngapi?"

"Inategemea mayai."

Kumbe mwenye nyumba, Bwana Gidudu, alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga chini ya ghorofa, kwenye mita hiyohiyo.

Milly alimpigia Sam. "Afande, nilisema pamoja," Sam alijibu bila wasiwasi. "Sikusema bure."

Kesho mama angepanda basi. Milly alizunguka chumbani, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Alijaribu kusali, maneno yakagoma. Mwishowe aliomba kitu kimoja: aongee bila hasira. Sare yake ilining'inia kwenye msumari. Alijua akishuka nayo mzee Gidudu angetetemeka, maana watu wa umri ule hawajasahau sare zilizowahi kugonga milango yao enzi za utawala wa kijeshi, zikiongea Kiswahili, lugha ya jeshi. Akaiacha, akajifunga kitenge, akashuka hadi mlangoni kwa mzee.

"Mzee, nataka mita yangu mwenyewe."

"Ruhusa unayo. Gharama ni yako."

Mzee alipomtajia gharama, Milly alitikisa kichwa. "Basi nirudishie kodi."

"Kodi nimenunulia mayai, Afande. Yako ndani ya mashine. Njoo baada ya siku ishirini na moja."

Nyuma ya mzee, kwenye kona yenye giza, taa ndogo ya kijani iliwaka. Friji.

"Ile mbona inafanya kazi?"

"Ina chanjo za vifaranga. Nimeifungia betri, na mashine pia. Mtu akikosa umeme atavumilia, chanjo haivumilii."

"Dawa ya mama yangu nayo haivumilii," Milly alisema. Akaeleza yote: sindano, zahanati, kuanguka.

Gidudu alifungua friji, akachungulia. "Rafu ya chini ina nafasi. Utagonga saa moja asubuhi na saa moja jioni. Elfu thelathini kwa mwezi."

"Pamoja?"

"Hapana," mzee alisema haraka. "Hiyo ni mbali na kodi."

Mama alifika Jumamosi, akakaa kitandani akisifu bafu la ndani. Milly hakumwambia habari ya umeme, akakishusha kichupa cha dawa kwenye friji ya mzee. Jumapili saa moja asubuhi aligonga kule chini. Gidudu alitoka akipiga miayo, akaingiza mkono kwenye friji, akatoa vichupa viwili vinavyofanana kama mapacha.

"Kimoja cha mama, kingine cha kuku. Vimechanganyikana. Soma wewe, Afande, macho yangu yameisha."

Milly alisoma, akachukua kimoja. Ngazini alisimama, akasoma tena. Juu, mama alimwita kwa Lusoga, lugha ya kwao, kwamba chai inapoa. Aliingia, akapita moja kwa moja hadi dirishani, akakiinua kichupa kwenye mwanga, akaanza kusoma upya, herufi kwa herufi.