Chifu Kwenye Ndoo

Samaki mwenyewe hakuzidi kidole gumba, jamani, lakini ukitia mkono majini alikujia mbio akuume, wewe mtu mzima mwenye kitambulisho. Alikuwa mweusi ti, na madoa matatu meupe mwilini. Wafanyakazi wa hoteli walimwita Chifu.

Aliyemtaka ni Madam Akuol, mwenye hoteli, mama aliyekulia Eldoret akarudi Juba na hamu ya vitu vizuri. Tangi la kioo lililetwa, magunia ya chumvi ya bahari yakaletwa, likawekwa pale mapokezi. Shida ikawa samaki. Maji ni mazito, na ndege hupima mzigo kwa kilo, kwa hiyo kila aliyetoka Nairobi aliombwa abebe samaki mmoja tu kwenye mfuko. Chifu alikuja wa kwanza. Baada ya wiki mbili akaja mmoja wa buluu mwenye mkia wa manjano, kisha mwingine, kisha mwingine, hadi wakafika sita. Chifu aliwapokea mmoja mmoja na kuwamaliza mmoja mmoja. Wawili waliosalia walijibana nyuma ya pampu, mapezi yamechanika, hata chakula wakikiogopa.

Sasa, hoteli hiyo ilikuwa na mkuu wa mapokezi, Elkana, Mkisii mtanashati wa kunyoosha shati hata kola. Naye aliingia wa kwanza, kabla rangi ya ukuta haijakauka. Deski lilikuwa lake, droo yake, feni yake, na soketi ya kuchajia simu ole wako uiguse. Wageni waliotoka uwanja wa ndege hakuna aliyewapokea ila yeye. Norman aliajiriwa akakaa wiki tano, akaacha kazi. Achieng alikaa nne.

"Joto la Juba limewashinda," Elkana alieleza kwa huruma.

Sasa alikuwapo Kawira, msichana wa Meru, ambaye Elkana alimsimamisha mlangoni, jenereta ikimngurumia sikioni kutwa nzima. Eti azoee.

Kiti cha meneja kilikuwa wazi, na Elkana alikitaka mpaka usingizi ukampaa. Tena alishamwambia mama yake, na mama alishasimama kanisani kule Kisii akamshukuru Mungu mbele ya watu wote. Hapo hakuna kurudi nyuma.

"Elkana," Madam Akuol akamwambia, "hawa samaki wadogo wamenishinda. Fanya wakae pamoja. Mtu akiweza hawa, hata watu ataweza, na mimi natafuta meneja."

Elkana akampigia Cyril, muuza samaki wa Nairobi. Cyril akacheka kwanza.

"Kaka, mlikosea mwanzo. Anayeingia wa kwanza huona tangi lote ni lake. Mtoe, mtie kwenye ndoo, mwekee pampu ya hewa. Pangua mawe yote, upange upya hata yeye asipatambue. Wageni waingie wote kwa pamoja. Baada ya wiki mbili mrudishe, awe wa mwisho."

"Na akizidi kuuma?"

"Atalinda nini, na hana kwake?"

Safari hii Madam Akuol alikubali sanduku zima lije kwa ndege, samaki watano kwa mpigo. Elkana alilifuata mwenyewe kwa boda boda, akalipakata kama mtoto mchanga. Kawira alipojitolea kusaidia kupanga mawe, akafukuzwa.

"Wewe simama mlangoni. Hii ni kazi ya kichwa."

Wiki mbili hizo, kila asubuhi Elkana aliinama juu ya ndoo. "Mpanda ngazi hushuka, mzee," akamwambia Chifu. "Ulidhani tangi ni la babako?"

Siku ya kumrudisha, wafanyakazi wote walikusanyika. Chifu alizunguka akitafuta jiwe lake, asilione. Kisamaki cha buluu kama punje ya karanga kikamkimbiza, akaenda kujibana nyuma ya pampu. Elkana akapiga makofi. "Umeipata! Umeipata, bwana!"

"Hebu nieleze tena," Madam Akuol akasema, "polepole."

Elkana akaeleza kama mwalimu. "Ubaya si wa samaki, Madam. Ubaya ni kumwachia mmoja pahali mpaka akapafanya pake. Hapo kila anayekuja ataumwa tu, hata awe malaika."

Madam Akuol akalitazama tangi, kisha deski, kisha Kawira pale mlangoni.

"Norman alikaa wiki ngapi?"

"Tano."

"Na Achieng?"

"Nne. Joto, Madam."

"Kalas," akasema Madam Akuol, yaani basi, yamekwisha. "Wewe umefanya kazi nzuri. Chukua likizo wiki mbili, usalimie mama."

Elkana alipaa kwa furaha. Aliyaona hayo kuwa mapumziko ya mtu anayengoja cheo. Kule Kisii walimchinjia mbuzi, mchungaji akamwita meneja, naye hakumsahihisha.

Aliporudi, alisimama kizingitini akidhani amekosea hoteli. Deski lilikuwa ukuta wa pili. Droo ilikuwa na kufuli jipya. Achieng alikuwa amerudi, anachaji simu kwenye ile soketi huku akicheka na Kawira. Norman naye alikuwa amerudi, na kifuani ana beji ya meneja.

"Wote watatu waliingia kwenye deski siku moja," Madam Akuol akamwambia, bila ubaya wowote. "Nilifuata vile ulinifundisha. Wewe ndiye wa mwisho."

Simu ya Elkana ikalia mfukoni, akaitoa akasoma ujumbe: *Umefika salama, meneja wangu? Mama.*

Nafasi iliyobaki ilikuwa mlangoni, kwenye jenereta. Kawira akamletea kigoda, kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kupewa.

"Karibu, kaka," akasema kwa upole. "Utazoea."

Kutoka pale mlangoni tangi lilionekana lote. Samaki wa buluu walikuwa wanacheza kwenye mawe, na nyuma ya pampu Chifu alikuwa ametulia, hamgusi mtu. Elkana alisubiri wenzake wageuke, akalisogelea tangi, akainama hadi pua ikagusa kioo.

"Mzee," akamnong'oneza, "siku ya kwanza ulifanyaje?"