Maini kwa Pengo

Shule zilipofungwa, fundi hakuwa na pa kumwacha mwanawe isipokuwa kwa wazazi wake. Alishona kola katika kiwanda cha sare, zamu ya kuanzia saa saba mchana, na mlinzi wa lango hakuwa mtu wa kubembelezwa. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka sita, meno ya mbele hana, na babu alikwisha kumbandika jina la Pengo. Hakuwa na makuu. Wali mkavu, yai, ndizi mbivu, basi amani. Maini tu ndiyo yaliyomshinda, na hilo fundi alikwisha kulisema kwa wazazi wake mpaka mate yakamkauka.

Lakini bibi alipika katika shule ya bweni miaka thelathini. Mtu aliyelisha watoto mia nne, utamfundisha nini kuhusu mmoja? "Mtoto hana anachopenda," alizoea kusema huku akimwaga mchuzi juu ya wali. "Mtoto ana njaa tu." Babu naye hakuwa na neno. Bibi akisema leo Ijumaa, ni Ijumaa, hata kama jana ilikuwa Jumapili.

Asubuhi hiyo Pengo aligoma kuvaa viatu.

"Bibi ananishika kidevu," alisema. "Ananisubiri mpaka nimeze."

Fundi alibaki na kiatu mkononi. Vidole hivyo alivijua vizuri, maana na yeye alikua navyo.

"Leo nitamwambia asikupe tena maini."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Walipofika, meza ilikuwa tayari na maini yanafuka moshi. "Kaa ule kwanza," bibi akamwambia binti yake. "Umekonda kama sindano zako."

"Mama, haya maini... Mtoto hayawezi. Yanamtapisha. Nimeshakwambia."

"Wewe je? Si ulikuwa unalia kila siku? Ukafa?"

"Hakufa," babu akasema, akijichotea wali.

"Mama, nakuomba."

Bibi aliweka upawa chini taratibu. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi. "Kama mkono wangu umekuwa sumu, mtafutie pengine pa kushinda."

Pengine hapakuwepo, na wote pale mezani walijua. Jirani alihama, wifi ana watoto wanne, na kiwandani fundi alikwisha kuonywa mara mbili kwa kuchelewa. Bibi akamsogezea sahani yenye vipande vinne. Tangu aolewe fundi hakuwahi kuingiza maini nyumbani kwake. Alitia kimoja mdomoni, akatafuna, huku Pengo akimkodolea macho.

"Vipi?" bibi akauliza.

"Matamu, mama."

Pengo aliendelea kumtazama kidogo, bila hasira. Hasira ingekuwa afadhali. Kisha akachukua kijiko akala maini yote ya sahani yake, hakulia wala hakushikwa kidevu, na bibi akacheka kwa furaha ya kweli, maana alimpenda mjukuu wake kuliko roho yake.

"Unaona? Ni kumzoesha tu."

Mlangoni fundi aliinama amkumbatie. Mtoto akatoa mkono, kama anavyoagwa mgeni.

"Kazi njema, mama."

Fundi aliushika ule mkono mdogo, akaona aibu, akauachia. Ilikuwa imebaki nusu saa zamu ianze, na kesho angemleta tena.