Gari la Tano

Rozella Kubik alishuka kwenye boza lake la maji, akatembea mpaka katikati ya kona ya tatu ya uwanja wa mbio za magari, akakandamiza kisigino cha buti ardhini. Udongo ulikubali kidogo, ukakataa, kisha ukauachia mguu wake bila kung'ang'ania. Alitabasamu peke yake. Hivyo ndivyo alivyoutaka: wenye maji tumboni na mkavu usoni, udongo ambao tairi ingeushika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

Haikuwa kazi ndogo siku ile. Tangu asubuhi upepo wa Agosti ulikuwa ukivuma kutoka kusini, ukipita juu ya mahindi na kunyonya kila tone aliloliacha nyuma. Rozella alimwaga maji, akasubiri, akashindilia kwa rola, akamwaga tena. Boza lenyewe lilikuwa la maziwa enzi zake, na jua likipiga sana bado lilitoa harufu ya maziwa yaliyoganda. Yeye hakuisikia tena harufu hiyo. Wengine pale mjini Brannock walikuwa na kanisa lao, wengine baa yao. Yeye alikuwa na mviringo huu wa udongo, wenye kona zilizoinuka kama kingo za bakuli, ambao marehemu mumewe, Emmett, aliuchonga kwa trekta la kuazima wakati mwana wao Darrin hajazaliwa bado. Emmett alikimbiza magari humo mpaka moyo wake ulipozima, na gari akalirithi mwanawe. Rozella alibaki na udongo.

Kulikuwa na wakati matrela ya magari ya mashindano yalipanga foleni kutoka getini hadi barabara kuu, na watu walifika mapema wakatandika blanketi kwenye mabenchi ili kushika nafasi. Sasa majani yalikuwa yameota pale mafundi walipokuwa wakiegesha. Kila mwaka ulikuja na sharti lake. Mara tairi ziwe za aina moja tu, tena zinunuliwe kwa mtu mmoja. Mara injini itoke kiwandani ikiwa na muhuri, na ukiigusa umefukuzwa. Mtu aliyekuwa akijiundia gari kwa vyuma vya jalalani na kulikimbiza kwa mshahara wake wa Ijumaa, sasa aliambiwa aende benki kwanza. Wenye uwezo walihamia viwanja vikubwa vya huko mbali. Wasio nao waliacha kimyakimya, mmoja mmoja, kama watu wanavyoondoka kwenye msiba.

Madaraja yote ya mashindano yalikuwa yamekufa isipokuwa moja, lile la chini kabisa, la magari ya kawaida yaliyong'olewa viti na vioo. Na Lyle Pospisil, mwenye kuukodi uwanja, alikuwa amewaambia wote waziwazi: Jumamosi hii yakija magari chini ya matano, basi, anaufunga uwanja. Bima ya uwanja haikujali kama yanakimbia magari matatu au thelathini. Bei yake ilikuwa ileile.

Yalikuwa yamekuja manne.

Rozella aliliendesha boza taratibu mpaka kwenye maegesho ya mafundi, akaacha pampu ikinguruma ili ajaze ndoo za wale waliotaka kuosha vioo vya kofia zao. Gaylen Stroud, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kumgonga Emmett na kugongwa na Emmett mara nyingi kuliko walivyowahi kusalimiana, alikuwa amekaa juu ya tairi akila mkate wa soseji.

"Mwanao yuko wapi?" alimuuliza Rozella. "Au ameota ndoto usiku, akaniona niko mbele yake?"

"Anakuja kukufundisha kona ya tatu," Rozella alisema. "Wiki iliyopita ulipita kule juu kama bibi anayetafuta choo."

Ndugu wawili wa familia ya Vondra, waliokuwa wakikaza tairi pembeni, walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mwalimu wa shule ya msingi, binti anayeitwa Janelle, alitoa kichwa ndani ya gari lake kuuliza kumetokea nini. Kwa dakika chache ilikuwa kama zamani. Kisha Gaylen akaitazama saa yake, akaacha kutafuna.

"Umempigia simu?"

"Hapokei. Yuko njiani, anaendesha."

"Roz, jua linashuka."

"Nimesema anakuja. Tangu azaliwe hajawahi kukosa Jumamosi."

Alikuja kweli. Pikapu yake ilipita getini ikitimua vumbi, na Rozella akainua mkono kabla hajaona vizuri. Halafu akaona. Nyuma ya pikapu hapakuwa na trela. Hapakuwa na kitu, ila kile chuma cha kufungia trela kikirukaruka kwenye mashimo.

Darrin aliegesha mbali na wenzake. Alikuwa amevaa shati safi, la vifungo, kama mtu anayekwenda kumwona daktari. Alisogea hadi kwenye dirisha la boza, ambako mama yake alikuwa amekwisha panda na kukaa, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Mama."

"Trela limepata pancha?"

"Hapana."

"Basi gari liko wapi? Wenzako wako tayari. Lyle kila saa anachungulia kutoka kule juu."

"Zima pampu tuongee."

"Nizime nini, watu wanachota maji. Sema tu."

Darrin aliangalia mikono ya mama yake kwenye usukani. "Nimeuza."

Rozella alidhani ngurumo ya pampu imemchezea. "Umeuza nini?"

"Gari. Alhamisi. Kuna jamaa alikuja kutoka Oklahoma, akataka injini na gia. Akavichukua."

"Na lililobaki?"

"Lilikwenda kwenye chuma chakavu."

Rozella alifungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya mwanawe. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima, lakini siku zote Darrin alikuwa akiinama kidogo akiongea naye, na hata sasa aliinama.

"Fremu ile aliichomelea baba yako," alisema. "Unakumbuka? Gereji haina moto, Januari, wewe umemshikia taa."

"Nakumbuka."

"Nao waliiweka kwenye mizani. Walimpima baba yako kwa kilo, Darrin."

"Mama, tafadhali."

"Hukubakiza chochote? Hata mlango wenye namba?"

"Sikubakiza. Ningebakiza mlango ningeuona kila siku."

Gaylen na wenzake walikuwa wameacha kazi zao. Hakuna aliyejisogeza karibu, hakuna aliyeondoka. Ndoo chini ya mpira wa maji ilijaa ikaanza kufurika, maji yakapita katikati ya miguu yao, na hakuna aliyeyajali.

"Ungeniambia," Rozella alisema.

"Nilikuja Jumatano. Nikakukuta unapaka grisi pampu, unaimba. Nikashindwa, nikageuza gari."

"Ungesema tu kwamba umechoka."

"Sijachoka!" Hapo ndipo Darrin alipoinua macho. "Unadhani sikutaka? Seti ya tairi inakula wiki zangu mbili pale machinjioni. Wiki mbili, nikiwa nimesimama kwenye barafu na kisu. Halafu zinaisha baada ya Jumamosi tatu. Mtambo wa kupasha nyumba moto umekufa tangu Februari, Mama. Mwisho wa baridi mimi na Shawna na mtoto tulilala jikoni, tumeliacha jiko la kuoka wazi. Mtoto anakohoa. Na mimi nina injini gerejini ambayo ingenunua mtambo wa kupasha moto nyumba yote. Wewe ungefanya nini?"

Rozella alishika neno lililokuwa karibu.

"Baba yako angeuza nyumba kabla hajauza gari."

Upepo ulilivuta shati safi la Darrin, ukalijaza. Aliposema, alisema polepole, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoumiza.

"Aliuza, Mama. Ndiyo maana nimekulia kwenye kibanda cha magurudumu."

Gaylen aligeuka akashika spana, akaanza kukaza nati ambayo ilikwisha kazwa.

Mambo mengine mtu huyajua miaka yote na bado hajawahi kuyasikia yakisemwa. Rozella aliiona ile nyumba ya mbao ya barabara ya Elm, baraza lake, ndoano za bembea. Aliuona mkono wake mwenyewe ukitia sahihi chini ya sahihi ya Emmett, na wote wawili wakicheka, kwa sababu kwa pesa zile walipata injini iliyowapa ushindi majira yote ya joto. Darrin alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ameuliza kama wataihamisha na bembea.

Alinyoosha mkono akazima pampu.

Kisha akatembea. Alipita kati ya magari manne, akapanda ngazi za mbao hadi kwenye kibanda cha juu ambako Lyle alikaa na kipaza sauti chake, na sauti ya Rozella ilisikika hadi chini kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi.

"Nitakimbia mimi."

"Roz..."

"Gari langu liko pale getini. Nitakaa chini kabisa, nitazunguka polepole, sitamsumbua mtu. Wewe unihesabu tu."

"Gari lako lina kiti cha mtoto nyuma."

"Nitakitoa. Ulisema magari matano, Lyle. Hukusema yaende kasi gani."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, halafu akajikohoza. Lyle alikuwa mtu mnene, mwenye uso mwekundu, na alikuwa akijulikana kwa kupiga kelele. Sasa alimketisha Rozella kwenye kiti kwa kumshika viwiko, kama anayemkalisha mgonjwa.

"Nauza ndama kulipia bima ya mahali hapa," alimwambia. "Mwaka wa tatu huu. Mke wangu hajui. Na hata angekuja Darrin leo, Jumamosi ijayo angenipungukia mwingine. Unajua kwamba angenipungukia."

"Leo tu."

"Roz, rafiki yangu. Leo ndiyo siku ya mwisho."

Alivuta kipaza sauti. Watu waliokuja walikuwa hamsini, pengine sitini, wengi wao wenye mvi, wamejitawanya kwenye mabenchi ya kukalisha elfu. Lyle aliwaambia kwamba hakutakuwa na mashindano, kwamba warudi kwenye dirisha la tiketi wakachukue pesa zao, na kwamba anawashukuru. Alitaka kuongeza neno. Kipaza sauti kilibaki wazi kwa muda, kikitoa pumzi zake nzito juu ya uwanja mzima, kisha kikazimwa.

Hakuna aliyekwenda dirishani. Walikunja blanketi zao, wakatoka.

Rozella aliposhuka, magari yalikuwa yakipandishwa kwenye matrela. Janelle mwalimu alikuwa akilia waziwazi bila kujifuta, akifunga minyororo. Gaylen hakuwa karibu na gari lake. Alikuwa amevuka ukuta wa zege, amekwenda peke yake hadi kona ya tatu, amepiga goti moja. Aliporudi alikuwa akisugua vidole vyake, na vidole vilikuwa vyeusi na vyenye kung'aa.

"Sijawahi kuuona udongo huu namna hii," alimwambia Rozella. "Hata enzi za Emmett. Wallahi ningekaa juu leo, ningeukumbatia ukuta, na hakuna mtu ambaye angenitoa pale."

"Ungepita kama bibi," alisema Rozella, na hapo ndipo alipovunjika. Gaylen alimkumbatia kwa mkono mmoja, ule wa matope akauweka mbali ili asimchafue, kana kwamba yule mwanamke hakuwa na matope kutoka kichwani hadi miguuni.

Darrin hakuja karibu. Lakini Rozella alipokwisha kujifuta machozi, alimkuta nyuma ya boza, ameondoa shati lake safi, anaukunja mpira wa maji mduara kwa mduara, akiukamua kwa goti kila hatua ili maji yaliyobaki yatoke. Aliufunga kwa kamba. Alizungusha valvu akaifunga, akaijaribu tena. Walikuwa wamefanya kazi hiyo pamoja mara nyingi hata hapakuwa na haja ya maneno, na siku ile ilikuwa afadhali hivyo.

"Taa zako za nyuma bado hazifanyi kazi?" Darrin aliuliza mwishowe.

"Hazifanyi."

"Nitakaa nyuma yako."

Waliondoka wa mwisho, gari dogo la Rozella likibaki pale getini mpaka kesho. Nyuma yao Lyle alifunga geti kwa mnyororo. Jua lilikuwa limekwisha zama, anga limebaki na mwanga mwembamba upande wa magharibi, na mahindi pande zote mbili yalikuwa yamegeuka kuwa kuta nyeusi. Boza tupu lilipiga kelele kwenye kila tuta. Kwenye kioo cha pembeni Rozella aliziona taa za pikapu, zikiwaka na kuzima, zikiwaka na kuzima, kumwonya yeyote ajaye kwa nyuma kwamba mbele kuna kitu kizito kinachokwenda polepole.

Alitafuta la kumwambia mwanawe. Alitafuta tangu kwenye daraja hadi kwenye ghala la nafaka. Mara likaja kama ombi la msamaha, mara likaja kama lawama ileile tena, na kila lilipomfikia mdomoni lilikuwa limegeuka.

Kwenye njia panda ya ghala, nyumba ya Darrin ni mkono wa kushoto. Yake yeye ni mbele, mwendo wa nusu saa. Alivuka, akatazama kioo. Pikapu ilikuwa imefika njia panda, ikasimama. Haikukata kushoto, wala haikumfuata. Ilibaki pale, taa zake zikiwaka na kuzima.

Rozella alikanyaga breki akasimama katikati ya barabara, injini ikiunguruma, akijua kwamba nyuma ya boza lake hapakuwa na taa hata moja ya kumwonyesha mwanawe kwamba amesimama.