Punda Bado ni wa Halfani

Mwanakombo alitaka punda auzwe Lindi. Kulikuwa na mfanyabiashara huko aliyekuwa tayari kumchukua kwa rupia taslimu, siku hiyohiyo, na mambo yaishe. Lakini mumewe, Halfani, alikuwa mtu wa hesabu ndefu. Rupia za Lindi alizidharau kwa sababu zilikuwapo, na mpira wa kugema wa Fikirini akaupenda kwa sababu ulikuwa bado porini.

Fikirini alikuwa kijana wa Newala, huko juu ambako maji ya kunywa hufuatwa bondeni na mwanamke akirudi na mtungi wake nusu ya siku imeshakwenda. Alifika Chiwata, nyumbani kwa Halfani, na mzigo mmoja wa madonge ya mpira, akaamkia kwa adabu mpaka kuku wa uani wakatulia.

"Shikamoo, Baba Sikuzani."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, nitatoa mizigo mitano. Mmoja ndio huu. Minne nitaileta kidogo kidogo, ila punda niondoke naye leo. Nisipokuwa naye, huo mpira nitaubebea mgongo wa nani?"

Mwanakombo alikuwa akipepeta mtama. "Na akikimbia naye?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Atakimbilia wapi, Mama Sikuzani?" Halfani akacheka. "Alama si ipo?"

Alama ilikuwa mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Watu wa Chiwata walikuwa na desturi yao: mnyama akiuzwa kwa mafungu, mnunuzi haruhusiwi kuongeza mkato wake mpaka fungu la mwisho litue uani kwa mwenye mali. Siku hiyo sikio hukatwa mbele ya majirani, watu wakala, na mnyama akahesabiwa kuuzwa. Kabla ya hapo, alale popote, abebe chochote, bado ni wa mwenye alama. Halfani aliipenda desturi hiyo kuliko alivyompenda punda mwenyewe. Alimwona Fikirini akiondoka na punda, akarudi ndani akisugua mikono. Mpira kaupata na punda bado wake!

Mzigo wa pili ulikuja, umejaa mchanga. Wa tatu haukuja. Zilikuja salamu: mvua imezidi, mtoto anaumwa, mpira umeadimika. Halfani alikwenda Newala mara mbili kumkumbusha. Mara ya kwanza alipewa kuku. Mara ya pili hakupewa hata maji, na huko juu mtu hawezi kulaumiwa kwa hilo. Punda hakuwapo nyumbani. Yuko kazini, aliambiwa.

Kisha vita vikafika. Watu walikunywa dawa ya maji wakaambiwa risasi za Mdachi hazitawadhuru. Misheni ya Masasi ikachomwa moto. Chiwata walilala maporini, wakarudi, wakakimbia tena. Halfani hakuinywa ile dawa. Kodi ya nyumba ilimuuma kama ilivyomuuma kila mtu, na hakumwombea dua Mdachi yeyote, lakini alikuwa mwoga, na Mwanakombo alimshukuru Mungu kwa uoga huo.

Vita vilipoanza kuzimika upande wao, jirani yao Petro alirudi kutoka Newala akiwa na mbuzi wake aliokuwa ameporwa. Alikuwa amekwenda kwa Mdachi, bwana mkubwa wa askari, akathibitisha kuwa ni wake, akapewa.

"Na punda wako nimemwona," alimwambia Halfani. "Amefungwa kambini kwao. Mikato miwili, sikio la kushoto. Fikirini mwenyewe amevuka Ruvuma, yuko kwa Wareno."

Halfani hakungoja hata uji uive. Mwanakombo akafuatana naye awe shahidi, kwa kuwa alimshika punda kichwa siku ile anakatwa alama.

Njiani walipita mashamba yaliyochomwa na nyumba zisizo na watu. Mwanakombo alikuwa akifikiri, na alichokifikiri ndicho kilichomla baadaye. Alisema, "Baba Sikuzani, kwa yule bwana usilitamke neno kuuza. Ukisema ulimuuza, watasema ni mali ya mkimbizi, wamchukue. Sema hujamuuza."

"Si kweli sijamuuza?" Halfani akasema. "Mizigo mitatu bado. Mke wangu, ungezaliwa mwanamume ungekuwa akida."

Mwanakombo alifurahi kusifiwa. Mungu amsamehe, alifurahi.

Bwana mkubwa alikuwa ameketi kivulini mwa turubai, na pembeni yake akida wa serikali, mtu wa pwani mwenye kanzu safi. Punda alikuwa amekonda, mgongo una vidonda. Halfani alimwendea, akamshika sikio mbele ya watu wote.

"Ni wa nani?" akida aliuliza.

"Wangu, bwana. Alama hii nimeikata kwa mkono wangu."

"Hukumuuza kwa mtu?"

"Sijamuuza. Kuna kijana alikuwa akimtumia, kwa ruhusa yangu."

Kwa ruhusa yangu! Hilo hawakuwa wamelipanga. Alilitia mwenyewe, apate kuonekana mwenye mali kamili.

Akida akamgeukia Mwanakombo. "Na wewe, mama?"

"Ni wetu, bwana. Nilimshika kichwa akikatwa. Hatujamuuza kwa mtu yeyote."

Akida akatafsiri. Bwana mkubwa akaitikia kwa kichwa, karibu kwa upole, akamwashiria askari. Askari akaleta mifuko miwili ya ngozi, akaimwaga. Ilikuwa baruti na vipande vya chuma vya kushindilia magobore.

"Punda wenu alikamatwa akiwapelekea waasi hivi," akida alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa ruhusa yenu."

Halfani aliliachia sikio la punda. Askari wawili walikuwa wameshamshika.

"Tulimuuza!" Mwanakombo akapiga kelele. "Bwana, tulimuuza! Ni punda wa Fikirini wa hapa Newala!"

Akida akatafsiri, akasikiliza, akarudi kwake. "Bwana anauliza, huyo Fikirini amemaliza kulipa?"

Mwanakombo alimtazama mumewe. Halfani alikuwa akimtazama yeye kama anayesubiri kupewa maji.

"Amemaliza," alisema. "Amelipa yote."

Bwana mkubwa hakukasirika. Alisema maneno machache, na akida akayaleta akiwa ameangalia chini.

"Anasema, kama amelipa yote, mmetoka Chiwata kuja kumchukua punda wa nani?"

Halfani alinyongwa jioni ileile pamoja na watu wengine asiowajua. Mwanakombo hakupewa maiti. Punda alitiwa mizigo ya askari, akaondoka nao kuelekea Masasi.

Mwanakombo alirudi peke yake. Hakulia njiani, maana kila nyumba aliyopita ilikuwa na kilio chake. Alipofika Chiwata majirani walikuwa shambani wakitafuta mihogo iliyosalia. Petro alimwona wa kwanza, akainua jembe kumsalimu, akaita kutoka mbali kwa sauti ya furaha:

"Mama Sikuzani! Wamekubali kwamba ni wenu?"

Mwanakombo alisimama. Watu wote walikuwa wameacha kazi, wanangoja.

"Wamekubali," alisema.