Msumari Kabla ya Saa Nane

Pikipiki ilipoanza kutingisha makalio kama bata, Divin alijua: gurudumu la nyuma limechomwa. Alisimama kando ya barabara inayoteremka kutoka Kanyosha, akatazama saa ya simu. Saa saba na nusu. Saa nane kamili geti la Mzee Claude kule Kibenga lingefungwa, na safari hii hakuna ambaye angelifungua.

Mzee Claude ni baba yake Elsa, na Elsa ndiye msichana ambaye Landry, mdogo wake Divin, alitaka kumwoa. Mara ya kwanza walipokwenda kuposa walichelewa saa moja na nusu kwa sababu ya foleni ya mafuta, wakakuta geti limefungwa. Mzee Claude, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliwaambia kupitia tundu la geti kwamba mtu asiyejua saa hatajua mke. Walipokwenda kuomba radhi akawapa siku moja nyingine, na akaapa kwamba ya tatu haitakuwapo. Elsa alilia, Landry akakonda.

Siku hiyo sasa ndiyo leo. Jamaa wote walikuwa wametangulia kwa basi dogo, pamoja na kreti za vinywaji. Amebaki mmoja tu, tena wa maana kuliko wote: baba yao mkubwa, Mzee Sébastien, msemaji wa familia. Bila msemaji hakuna kuingia, maana posa ya hapa ni mdomo kwanza, ng'ombe baadaye. Mzee anakaa juu kabisa, ambako korongo limekula barabara na gari halipandi. Ndiyo maana Divin alimfuata kwa pikipiki, na sasa alikuwa amempakia nyuma.

"Ni nini?" mzee akauliza.

"Musumari, baba mukubwa."

Na barabarani haukuwa mmoja. Lori la mbao kuukuu lilikuwa limepita likimwaga misumari njia nzima. Hata hivyo Divin hakuogopa sana. Tairi zake hazina mpira wa ndani. Wenzake kijiweni walimcheka aliponunua, wakasema anajifanya mzungu. Tairi la namna hiyo likitoboka halifunguliwi. Unaziba tundu kwa utambi mnene wa mpira wenye gundi, unajaza upepo, unakwenda zako. Tena msumari ukiachwa mahali pake, upepo hutoka polepole. Wangeweza hata kuongeza upepo wakafika nao Kibenga. Akainama kutafuta vifaa chini ya kiti.

"Nimeutoa!" akasema Mzee Sébastien nyuma yake, msumari mkononi, furaha tele.

Fyuuu. Tairi likalala chini.

"Baba mukubwa! Ule musumari njo ulikuwa kifuniko!"

"Mi nilitaka kukusaidia. Mwiba ukiingia mu muguu, unauacha?"

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwa wakingojewa na Mzee Claude. Divin alikuwa na tambi tatu. Alikwangua tundu kwa chuma chenye meno, akapitisha utambi wa kwanza kwenye sindano nene, akausukuma ndani kwa uzito wote wa mwili. Kisha, kwa wasiwasi, akaivuta sindano taratibu badala ya kuichomoa kwa mkupuo mmoja, na utambi ukarudi nayo, umechanika. Akatukana. Mzee akajifanya hakusikia. Wa pili aliuingiza, akafumba macho, akachomoa ghafla. Ukabaki ndani, mikia miwili nje. Wakapokezana pampu ya baiskeli, mzee amevua koti, jasho likilowesha tai. Divin akatema mate juu ya tundu, hakuona povu hata moja.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na Kibenga ni mwendo wa dakika tano. Wakapanda. Divin akaanza kupumua.

Hawakufika mbali. Gari dogo jeupe lilikuwa limelalia upande mmoja, nalo limechomwa msumari, na kando yake alisimama mzee mrefu mwenye vazi la sherehe lililofungwa begani, akitazama gurudumu la akiba ambalo nalo halikuwa na upepo.

"Usisimame," Mzee Sébastien akanong'ona. "Ule ni Népomuscène, musemaji wa ba Elsa. Muache. Sisi tufike, yeye achelewe, aibu ni yabo."

Divin akapunguza mwendo. Alibakiwa na utambi mmoja. Kusimama hapa kulikuwa kuchelewa, na kuchelewa kulikuwa kumzika mdogo wake akiwa hai. Aliomba asimwone yule mzee usoni. Akamwona. Alikuwa ameshika kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Baba mukubwa, kesho tutamwita mukwe. Leo tumupite?"

"Basemaji habaonane mbele ya maneno! Ni mwiko!"

"Basi usimuone."

Hivyo Mzee Sébastien akashuka, akaugeukia ukuta wa nyumba ya watu, akasimama hapo muda wote kama anayesoma tangazo.

"Mungu akubariki, mutoto wangu," Népomuscène alisema. "Unaenda wapi umevaa vizuri hivi?"

"Mambo ya familia, muzee."

Népomuscène akatazama ule mgongo ukutani, akaelewa. Utambi ulishika mara moja, lakini tairi la gari linakula upepo jamani, na pampu ilikuwa ya baiskeli. Saa nane ilipita Divin akiwa bado anapiga pampu.

Gari jeupe likatangulia. Wao walifika saa nane na dakika ishirini, wakakuta geti limefungwa na jamaa wote nje juani. Landry alikuwa amekaa juu ya kreti, suti mpya, uso wa majivu. Hakumlaumu kaka yake. Alimtazama tu, na hilo lilimuuma Divin kuliko tusi.

Nyuma ya geti sauti zilikuwa juu.

"Saa nane imepita," alisema Mzee Claude. "Hesabu ni hesabu!"

"Imepita kwa nani?" Népomuscène akajibu. "Mi njo mudomo wako, na nimefika sasa hivi. Ungewajibu na nini? Mutoto wao alisimama njiani akanitengenezea mupira. Angenipita, angefika mbele ya saa nane. Claude, we unatafutia Elsa watu wa namna gani?"

Kisha komeo likalia, na geti likafunguka pande zote mbili.

Mzee Claude akatoka nje. Aliushika mkono wa Divin, uliojaa gundi, kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi. Landry akainuka, akacheka huku analia. Mzigo ukamtoka Divin mabegani. Alijisikia mwepesi hadi akaomba maji.

Watu wakakaa, pande mbili zikatazamana. Mzee Sébastien akasimama, akasafisha koo. Kabla hajatoa neno, Népomuscène akamkatiza kwa ukali, kama ada inavyotaka.

"Ngojea, muzee. Sisi tumejikalia hapa na jamaa yetu, tunaona watu wanaingia tu. We ni nani? Uso huu mi sijauona hata siku moja."

Divin, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akauma kidole asicheke, maana mzee wa watu hakuwa amesema uongo.